Majirani Upanga: Mechi ya kriketi ya watoto ipo?

Mama Abdul [06:48]: Asalam aleikum majirani. Mvua imepiga tangu alfajiri. Kocha Murtaza, mechi ya watoto ipo au haipo? Abdul keshavaa nyeupe zake, anazunguka sebuleni na gongo, ataniangushia kabati la vyombo.

Baba Neema [06:51]: Waaleikum salaam. Kwa nini isiwepo? Sisi kandanda tunasakata maji yakiwa kwenye vifundo vya miguu. Huo mchezo wenu unaogopa manyunyu kama paka 😂

Kocha Murtaza [07:03]: Baba Neema, mpira wa miguu ukidunda vibaya unakupita tu. Huu wetu ukidunda vibaya unaondoka na jino. Ni ngozi, gramu 160 hivi, mgumu kama kokoto. Mrushaji anaudundisha kwanza chini ndipo umfikie mpigaji. Sasa pichi, ule ukanda wa katikati mpira unapodunda, ikiloa huku na kukauka kule, mmoja unaburuza, unaofuata unaruka hadi kidevuni. Mtoto wa miaka 13 ataotea vipi?

Mama Abdul [07:04]: Meno tena? Nimetoka kulipia ya juzi 🙆🏾‍♀️

Baba Neema [07:06]: Basi mvua ikikatika tu mnaanza.

Kocha Murtaza [07:11]: Hapo ndipo watu wanapokosea. Ya juu siyo shida, shida ni iliyokwisha kushuka. Manyunyu tunacheza. Hata sheria inasema majani kuloa na mpira kuloa peke yake si sababu ya kusimamisha. Ampaya, yaani marefa wetu, wanaangalia: mrushaji ana pa kukanyaga asiteleze? Wadakaji wanaweza kukimbia? Mpigaji anaweza kupiga na kukimbia? Ikiwa hapana, ni hatari, hakuna mchezo. Uamuzi wa ampaya wawili, siyo wa kocha, wala wa mzazi aliyevaa kandambili 😄

Dada Rehema [07:12]: Samahani kuingilia, gari la taka linapita leo?

Babu Karim [07:20]: Murtaza uko sahihi lakini na sisi wapenzi tuna donge letu. 1992, nusu fainali ya Kombe la Dunia, Sydney. Afrika Kusini wanamfukuzia Uingereza, imebaki mikimbio 22, ndizo pointi zetu, kwa mipira 13. Inawezekana kabisa. Mvua ikashuka, dakika chache tu. Waliporudi wakaambiwa umebaki mpira MMOJA na mikimbio 21. Mpira mmoja ukiuvusha mpaka wa uwanja bila kudunda unapata 6 tu. Wakatoka vichwa chini. Mimi nilisikiliza redioni, chai ikapoa mkononi

Babu Karim [07:21]: Kwa hiyo msimcheke anayegombana na mvua.

Baba Neema [07:24]: Shikamoo Babu. Mpira mmoja mikimbio 21?? Huo ni wizi wa mchana.

Babu Karim [07:26]: Marahaba. Ndiyo maana wakaja Duckworth na Lewis, Waingereza wa hesabu, wakatunga kanuni mpya. Inatazama ova zilizobaki (ova moja ni mipira sita) na wiketi zilizobaki (wapigaji ambao hawajatolewa), kisha inapanga upya mikimbio ya kufikia. Mara ya kwanza ilitumika 1997 Harare, Zimbabwe na Uingereza. Kuielewa ni kama kusoma bili ya maji, lakini ni haki kuliko ile.

Mama Abdul [07:29]: Babu nakuheshimu, ila mimi nauliza kama nikaange maandazi ya timu au nimvue mtoto nguo 😩

Kocha Murtaza [07:58]: 📷 Picha
Nipo uwanjani. Turubai limekinga pichi, katikati pakavu. Ila pale mrushaji anapotua mguu ni tope tupu. Upande wa baharini kuna dimbwi, bata wangeogelea.

Baba Neema [08:00]: Hapo hata mimi sichezi. Nimekubali.

Kocha Murtaza [08:02]: Usikubali haraka, jua limetoka. Ampaya wamesema watakagua saa tano. Tukichelewa tunapunguza ova, watoto waguse japo kidogo. Dimbwi tunalikausha kwa magodoro. Kwenye tope nataka maranda makavu, yale laini. Fundi wa mtaani kafunga.

Mama Abdul [08:03]: Maranda? Baba Neema si ana magunia mawili ya kuku nyuma ya nyumba?

Baba Neema [08:04]: Mama Abdul wewe ni mbea.

Baba Neema [08:04]: Ni ya vifaranga!

Babu Karim [08:05]: Asubuhi nzima umesema tunaogopa mvua.

Baba Neema [08:09]: Gunia moja. MOJA. Kocha tuma bajaji, na maandazi ya Mama Abdul nipate sita, yasiwe yaliyoungua.

Mama Abdul [08:10]: Nimeshawasha jiko. Abdul kakaa mlangoni anahesabu mawingu.

Dada Rehema [08:15]: Jamani gari la taka?