Kabati la kutundika chumba cha watoto: ukuta wa tofali za kuchoma utalibeba?

MamaHanifa_Bombo
Wapendwa, habari za jioni. Nataka kabati la kutundika ukutani chumba cha watoto: upana sentimita 120, kimo 80, kina 30. La kusimama chini silitaki. Hapa kwetu Bombo mchwa walikula miguu ya kabati la nguo kimyakimya, tukashtuka likishaanza kuinama.

Nyumba ni ya tofali za kuchoma na plasta yake ni ya zamani, ukigonga msumari unasikia mchanga ukimwagika kwa ndani. Fundi wa mtaani anasema atatumia MDF (zile bodi za unga wa mbao) na misumari minne ya zege, basi, kazi imeisha. Mimi roho haijatulia. Mkubwa wangu ana miaka minne na anapanda kila kitu mpaka friji. Nafasi iliyobaki ni juu ya kitanda chao. Mwenye nyumba ameruhusu kutoboa, ila siku ya kuhama nizibe mashimo. Nifanyeje?

Fundi_Ndeeba
Mama Hanifa, kabati halinitishi. Ukuta ndio unaonitisha.

Tuanze na uzito. Bodi nzima ya MDF ya milimita 18, futi 8 kwa 4, ina kilo kama 40, na kabati la vipimo vyako pamoja na milango yake linakula karibu bodi nzima. Hapo hujaweka hata soksi. Mita moja ya vitabu inafika kilo 20 na kupita. Sasa huyo anataka kulibebesha misumari minne! Msumari wa zege ni wa zege. Tofali zetu za tanuru moja limeiva, jirani yake limebaki nusu mbichi. Ukigongelea msumari tofali linapasuka kwa ndani, na nje huoni kitu.

Tumia paini. Ni nyepesi, na ukinunua mbao za inchi 12 kwa 1 za futi 14, ubao mmoja unakupa fremu yote ya nje: juu, chini na pande mbili ni sentimita 400, ubao una 426. Wa pili unatoa rafu na kigawanyo cha katikati. Ila chagua kwa macho yako. Paini nyingi inayouzwa bado ni mbichi, na ubao wenye kiini katikati utapinda hata uupigie skrubu ngapi. Ukishanunua, zipange ndani ya nyumba ukiweka vijiti kati ya ubao na ubao, uziache wiki kadhaa kabla ya kupiga randa. Milango iwe ya plaiwudi nyembamba.

Kutundika sasa. Chukua ubao wa 4 kwa 1, upasue kwa urefu wake kwa mshazari wa digrii 45. Nusu moja funga ukutani, ncha kali ikitazama juu na mteremko ukielekea ukutani. Nusu ya pili geuza kichwa chini, ifunge nyuma ya kabati. Unaliinua kabati, unalishusha, linajishika lenyewe. Uzito unavyoongezeka ndivyo linavyozidi kujivuta ukutani. Kwa chini nyuma weka kipande chenye unene uleule ili lisiegemee. Kitakachobaki ni uwazi wa inchi moja nyuma ya kabati, na uwazi huo ni mali: mvua za Machi mpaka Mei ukuta wa nje unatoa unyevu, na mchwa wakipanda kwa ukutani utaziona njia zao za udongo mapema ukimulika tochi.

Kutoboa: kwenye drili zima ule mtindo wa kugongagonga, acha izunguke tu. Tazama vumbi. La kwanza litakuwa la kijivu, hiyo ni plasta. Likigeuka jekundu umeingia kwenye tofali, endelea sentimita 5 au 6. Likibaki la kijivu na biti inazama kama kwenye siagi, umeangukia kiungio, pale tofali zinapokutana. Hama sentimita chache, usijipe moyo. Puliza vumbi litoke lote, ndipo uingize plagi ya plastiki (kile kijibomba kinachoshika skrubu ukutani) mpaka iipite plasta, kwa sababu plasta haishiki kitu. Skrubu za sentimita 10. Na usitoboe sehemu iliyo juu au chini ya swichi au soketi, nyaya hupita hapohapo.

Baba_Busia
Fundi amesema vizuri, lakini mimi ningeliweka chini, kwenye miguu ya chuma, halafu nilifunge ukutani. Kutundika kilo zote hizo chumba cha watoto ni kutafuta balaa. Na hata la chini lisiachwe hivihivi. Mwaka 2016 IKEA, kampuni ya samani, waliita makabati ya droo kama milioni 29 yarudishwe huko Marekani baada ya watoto kuangukiwa na kufa. Mtoto anavuta droo, anaifanya ngazi.

MamaHanifa_Bombo
Asanteni sana. Baba, miguu ya chuma nimeisikia, ila chini ndipo wanapocheza, nafasi ni finyu. Fundi, nimejaribu drili ya shemeji pembeni kidogo: vumbi ni la kijivu karibu kila ninapogusa, jekundu nimelipata sehemu moja tu. Je, kitanda kikibaki hapohapo chini yake?

Fundi_Ndeeba
Kitanda kihame, hilo sibishani nalo. Sukuma kitanda upande wa dirisha ikibidi, kabati lije alipotoka mtoto. Wala chini yake usiweke droo wala meza. Vya kuchezea viweke kwenye makapu sakafuni. Mtoto hapandi kufuata kitu ambacho tayari anakifikia. Juu weka nguo za msimu na mablanketi, vitabu vichache tu.

Vumbi la kijivu kila mahali ni kwamba tofali ni ndogo na viungio ni vinene, mafundi wengi wa zamani walijenga hivyo. Plagi ziache. Upande wa pili wa huo ukuta kuna nini?

MamaHanifa_Bombo
Ni korido. Hakuna kitu.

Fundi_Ndeeba
Basi umepona. Toboa ukuta mzima, sehemu nne, pitisha boliti za milimita 10 zenye nyuzi mwili mzima. Upande wa korido usiweke wosha ndogo ya dukani, itazama kwenye plasta. Mwambie mchomeleaji akukatie vibamba vya chuma vya inchi 4 kwa 4, unene milimita 4, avitoboe katikati. Kaza kwa mkono wa kawaida, ukisikia plasta inalia, acha. Kichwa cha boliti kiwe korido, nati iwe chumbani ndani ya ubao uliochimbwa, vidole vya mtoto visiifikie. Ukihama, mashimo ni manne, ndoo ndogo ya saruji na mchanga inatosha.