Mafundi wa mabango, acheni kusingizia faili!

Wakuu, naandika uzi huu nikiwa na hasira mpaka mikono inatetemeka, nikikosea herufi mnisamehe.

Jumamosi kulikuwa na sendofu Mbezi. Mimi ndiye niliyepewa bango la nyuma ya meza kuu, mita 6 kwa 3. Kazi yote vekta (mistari ya hesabu, si vidoa vya pikseli, haiharibiki ikikuzwa), isipokuwa picha moja ya binti mwenyewe. Nimeikalia siku mbili.

Nafika kwa jamaa wa mashine ya kuchapa Kariakoo (jina la ofisi nalihifadhi), neno lake la kwanza: "Bro, lete JPEG ya 300." Pikseli 300 kwa kila inchi kwenye mita 6! Nikamwambia piga hesabu, hizo ni pikseli 70,866 kwa 35,433, na JPEG yenyewe mwisho wake ni 65,535 kwa upande. Haisevu hata uiombee dua. Watu wenyewe wataliona bango wakiwa huko mbali wanakula pilau, 72 inatosha, 100 kama unataka mbwembwe. Akacheka, akasema haya, acha hiyo hiyo PDF.

Sasa kwa wasiojua. Zamani Illustrator, programu ninayochoria, ilikuwa inagoma kwenye mita 5.78. Tangu 2020 unafungua ukurasa mkubwa zaidi ya hapo, lakini PDF kwa asili yake inakomea inchi 200, yaani mita 5.08. Ili kuvuka hapo faili linaandikwa dogo, kisha ndani linawekewa namba ya kuzidishia, inaitwa UserUnit. Programu inayoijua namba hiyo inaona mita 6. Ya kizamani inairuka, inaona sentimita 60.

Programu ya jamaa ni ya kizamani. Sawa, hiyo si dhambi. Unaikuza mara 10 kwenye RIP (programu inayoandaa faili kwa ajili ya mashine), vekta haidhuriki hata kidogo. Yeye kafanyaje? Kaigeuza kwanza kuwa JPEG ya 72 ikiwa bado sentimita 60, pikseli 1,701 tu, halafu ndiyo akaivuta mpaka mita 6. Nimejuaje? Kalisahau hilo faili lake kwenye flashi yangu!

Kila pikseli imetoka na upana wa milimita 3 na nusu. Punje ya mtama, wakuu. Herufi za jina la binti zina ngazi pembeni, mjusi anapanda bila shida. Mama yake alisimama mbele ya bango, akavua miwani, akaifuta kwa kitenge, akavaa tena. Akaniuliza taratibu, "Baba, hii ndiyo imeisha?"

Bora angenitukana.

Jumatatu nimerudi kwa jamaa. "Faili lako bovu. Ukitaka turudie, lipia tena." Mita za mraba 18 kwa 10,000, ni 180,000 hiyo, na nilishailipa yote kabla mashine haijawashwa. Nikamwonyesha JPEG yake, akasema hiyo ni ya kijana wa zamu, kijana hayupo. Na nilimwomba mapema anitolee kipande kidogo cha majaribio, akajibu nitampotezea fleksi (turubai la kuchapia).

Langu nalikubali. Ningeitengeneza mwenyewe kwa skeli ya 1 kwa 10, sentimita 60 kwa 30, picha nikaiweka 720 ili ikikuzwa ibaki 72, na kwenye jina la faili nikaandika KUZA MARA 10 kwa herufi kubwa. Siku hizi nilishaacha, nikidhani tumeendelea. Lakini kama ukubwa umekuja tofauti na ulioandikwa kwenye risiti yako mwenyewe, si unanyanyua simu? Namba yangu ipo hapo hapo kwenye risiti!

Familia inataka hela yao, na wana haki. Aliyewahi kurudishiwa pesa na watu wa fleksi aje aseme alipitia wapi. Na mwenye mashine inayosoma PDF kubwa bila kuigusagusa anipe PM, nina bango la mita 8 la Ijumaa.