Kishikwambi kimeunganishwa na Wi-Fi, vocha imekubaliwa, lakini intaneti haipatikani

Mwalimu wa Kibaoni

Habari zenu wanajamvi. Naomba msaada wenu kuhusu kishikwambi changu cha Android 11, ambacho ndicho ninachoandalia masomo na kupokelea kazi za wanafunzi.

Nyumba ninayopanga ina Wi-Fi ya vocha iliyofungwa na kijana mmoja wa mtaani. Mpangaji analipa, anapewa namba ya vocha, anaiingiza kwenye ukurasa unaojitokeza wenyewe mara tu anapounganisha, na kuanzia hapo anatumia mpaka muda wake uishe. Simu ya mke wangu na za majirani hazina tatizo lolote. Kishikwambi changu nacho kinaiona Wi-Fi hiyo, kinaunganishwa, ukurasa wa vocha unatokea, naingiza namba, na ukurasa unanijibu kwamba nimeshaingia na kunionyesha muda uliobaki. Baada ya hapo hakuna kinachofunguka. Alama ya Wi-Fi iliyo juu ya kioo inapata alama ya mshangao, na muda wa vocha unaendelea kukatwa.

Kinachonichanganya ni kwamba kishikwambi hikihiki nikienda nacho kwa dada yangu, ambaye ana intaneti ya waya, kinafanya kazi vizuri, na nikiweka bando kwenye laini yake kinafanya kazi vilevile. Nimekizima na kukiwasha, nimeifuta Wi-Fi hiyo kwenye orodha na kuiunganisha upya, na tarehe na saa viko sahihi. Mwenye Wi-Fi anasema mitambo yake ni mizima kwa kuwa wateja wengine wote wanapata huduma, na sina hoja ya kumpinga. Kabla sijakipeleka kwa fundi, naomba kujua nikague nini, na nianze na kipi.

Mpogoro Mtulivu

Pole sana mwalimu. Ingia kwenye Mipangilio, tafuta sehemu ya kurejesha mipangilio ya mtandao katika hali yake ya mwanzo, kisha uunganishe upya. Simu yangu ilikuwa na tatizo linalofanana na hilo na ikapona.

Fundi wa Mitandao

Mwalimu, naomba usifanye hivyo kwanza. Kurejesha mipangilio ya mtandao kunafuta nywila za Wi-Fi zote ulizowahi kuhifadhi pamoja na vifaa vyote ulivyounganisha kwa Bluetooth, na hata kifaa kikipona hutajua kilikuwa kinaumwa nini, kwa hiyo siku tatizo likirudi utaanza upya. Maelezo yako ni mazuri kuliko mengi yanayoletwa hapa, na yenyewe yameshaondoa sababu kadhaa.

Watu wengi huchukulia Wi-Fi na intaneti kuwa kitu kimoja, na hapo ndipo muda mwingi wa utafutaji hupotea. Wi-Fi ni kipande cha safari kati ya kifaa chako na ruta tu. Kifaa kinapitia hatua kadhaa kabla hujaona ukurasa wowote: kinasikia mawimbi ya ruta, kinakubaliwa kuingia, kinapewa anwani ya IP (namba ya kukitambulisha kwenye mtandao), kinapitishwa kwenye lango la vocha kama lipo, na kinapata seva ya kukitafsiria majina ya tovuti kuwa namba. Kazi ni kutafuta hatua gani imekwama, na kuachana na zile ambazo zimeshajithibitisha.

Kwa upande wako, mawimbi ni mazima, kwa sababu ukurasa wa vocha usingefunguka bila hayo. Kwa hiyo usipoteze nguvu kusogea karibu na ruta, wala kubadilisha kati ya 2.4 GHz na 5 GHz, ingawa kwa mtu ambaye Wi-Fi yake inakatika akifika chumba cha pili hilo lingekuwa jambo la kwanza kukagua, kwa kuwa mawimbi ya 5 GHz hudhoofika zaidi yanapopita ukutani. Anwani ya IP nayo unayo, kwa sababu hiyohiyo. Saa na tarehe umeshasema ziko sawa, na nashukuru kwamba ulikagua, maana kifaa chenye tarehe ya miaka iliyopita hukataa vyeti vya usalama vya tovuti karibu zote na kuonekana kama hakina intaneti kabisa.

Nimebaki na washukiwa wawili. Wa kwanza ni anwani ya MAC, ambayo ndiyo mfumo wa vocha unatumia kukitambua kifaa chako. Tangu Android 10 ya mwaka 2019, kifaa huonyesha anwani ya MAC ya kubuni kwa kila Wi-Fi badala ya ile iliyotoka nayo kiwandani, na mifumo ya vocha wakati mwingine huchanganyikiwa na hilo. Hata hivyo, kwako simshuku sana, kwa sababu ukurasa unakuonyesha muda uliobaki, maana yake mfumo umekutambua. Tafadhali usiguse mpangilio huo kwa sasa, kwani ukiubadilisha utaonekana kuwa kifaa kipya na vocha yako inaweza kukataliwa.

Mshukiwa wa pili ni utafsiri wa majina, yaani DNS, na huyu ndiye ninayetaka tumpime. Zima kwanza data ya laini, kwa sababu Android ikiona Wi-Fi haina intaneti huhamia kwenye data kimyakimya, na majibu yote ya kipimo yanakuwa ya uongo. Kisha ingiza vocha, na kwa programu yoyote ya bure ya kupima mtandao (uipakue kwa bando kabla ya kuzima data) upige ping tatu, yaani vipimo vya kuangalia kama anwani fulani inajibu, kwa mpangilio huu: kwanza anwani ya lango, yaani ya ruta, ambayo utaiona ukigusa jina la Wi-Fi na kufungua maelezo yake, pili 8.8.8.8, ambayo ni seva ya majina ya umma ya Google, na tatu neno google.com. Tuletee majibu ya zote tatu, hata kama unaona hayana maana.

Mwalimu wa Kibaoni

Nashukuru sana, ndugu fundi. Nimefanya kama ulivyoelekeza, data ikiwa imezimwa.

Anwani ya lango ni 10.5.50.1 na inajibu kila mara bila kupoteza hata pakiti moja. 8.8.8.8 nayo inajibu, ila kwa kuchelewa kidogo. Lakini nikiandika google.com, programu inaniambia kwamba jina hilo halijulikani, na kipimo hakianzi kabisa. Nimejaribu majina mengine ya tovuti na jibu ni lilelile.

Jambo jingine ambalo sikuliona mwanzoni ni kwamba nikigusa jina la Wi-Fi hiyo, kuna maandishi madogo yanayosema seva ya DNS ya faragha haifikiki. Sikumbuki kuweka kitu cha namna hiyo.

Fundi wa Mitandao

Hapo tumefika, mwalimu. Namba inajibu na jina halijibu: intaneti unayo, ila kifaa chako hakina wa kukitafsiria majina. Na hayo maandishi madogo uliyoyaona yametaja sababu yenyewe.

Fungua Mipangilio, kisha Mtandao na intaneti, na utafute DNS ya faragha. Baadhi ya watengenezaji huificha ndani ya mipangilio ya ziada ya miunganisho, kwa hiyo ukikosa iandike kwenye kisanduku cha kutafutia cha Mipangilio. Utakuta chaguo tatu: kuzima, otomatiki, na ya tatu yenye nafasi ya kuandika jina la seva. Nina hakika ya kutosha kwamba kwako imechaguliwa ile ya tatu na kuna jina limeandikwa pale. Linakili mahali, kisha chagua otomatiki.

Naeleza kwa nini, ili na wengine wenye shida hii wafaidike. Kwa kawaida kifaa huuliza tafsiri ya majina kupitia poti 53 (poti ni kama mlango wenye namba ambao aina fulani ya mawasiliano hupitia), kwa maandishi ambayo yeyote aliye njiani anaweza kuyasoma. Android 9, iliyotoka mwaka 2018, ilileta DNS ya faragha, ambayo huyasimba maswali hayo, yaani kuyafanya yasisomeke na wengine, na kuyapitisha kwenye poti 853. Ni kitu kizuri na sishauri mtu akichukie. Ikiwa kwenye otomatiki, kifaa hujaribu njia iliyosimbwa, na kikishindwa hurudi kwenye njia ya kawaida. Lakini mtu akiandika jina la seva maalumu, kifaa huchukulia kwamba mwenyewe hataki njia nyingine yoyote, na mtandao ukiifunga poti 853 hakirudi nyuma: kinakosa majina yote. Kwa dada yako na kwenye laini yako poti hiyo iko wazi, ndiyo maana hukuona shida huko.

Swali litakalobaki ni kwa nini basi ukurasa wa vocha unafunguka. Kifaa kinapoingia kwenye Wi-Fi hutuma ombi dogo kwa connectivitycheck.gstatic.com na kutarajia jibu tupu lenye msimbo 204. Kikipata ukurasa badala ya jibu hilo, kinajua kuna lango la kuingilia na kinakuonyesha ukurasa huo. Waliotengeneza Android walihakikisha kwamba ombi hilo linaipita kando DNS ya faragha, ili mtu asifungiwe nje ya lango. Baada ya kuingia, matumizi mengine yote hurudi kwenye kanuni uliyoweka, na hapo ndipo unapokwama.

Mwalimu wa Kibaoni

Imekubali! Nimekuta jina la huduma ya kuzuia matangazo limeandikwa pale, nikachagua otomatiki, na alama ya mshangao ikaondoka nikiwa bado naitazama. Nimemuuliza mwanangu mkubwa, naye amekiri kwamba aliiweka wakati wa likizo ili wadogo zake wasitokewe na matangazo wanapoangalia katuni. Alikuwa na nia njema, na kwa kweli matangazo yalikuwa yamepungua. Je, kuna namna ya kuitumia huduma hiyo nikiwa kwa dada na kuiacha nikiwa nyumbani, bila kubadilisha kila siku?

Fundi wa Mitandao

Kwa bahati mbaya mpangilio huo ni wa kifaa kizima, Android haikuruhusu kuuweka kwa Wi-Fi moja na kuuacha kwa nyingine. Kwa ajili ya watoto, tumia kivinjari chenye kizuia matangazo ndani yake. Kitazuia ndani ya kivinjari tu, si kwenye programu nyingine, lakini hakitagombana na Wi-Fi yoyote.

Msambaza Wi-Fi, Tanga

Nami naendesha Wi-Fi ya vocha, si hiyo ya kwa mwalimu, na ningependa kueleza upande wetu, kwa sababu poti 853 haifungwi kwa ukorofi. Mimi nimeifunga kwangu. Wazazi wa mtaa wangu waliniomba nizuie tovuti za ngono, na njia ninayoimudu kwa vifaa nilivyo navyo ni kuyaelekeza maswali yote ya majina kwenye ruta yangu, ambayo inakataa majina yaliyo kwenye orodha. Maswali yaliyosimbwa siwezi kuyaelekeza, kwa hiyo nikiiacha njia hiyo wazi, mtoto yeyote anayejua kuandika jina la seva anapita.

Fundi wa Mitandao

Sababu yako naielewa na naiheshimu. Ninachokiona si haki ni mteja kulipia vocha, muda wake ukakatwa, na asijue kwamba kuna kitu kimefungwa. Mstari mmoja tu kwenye ukurasa wa vocha, unaosema kwamba mwenye DNS ya faragha aiweke kwenye otomatiki, ungemwondolea mwalimu usumbufu wote huu, na wewe ungepunguziwa simu za malalamiko.

Msambaza Wi-Fi, Tanga

Nakubaliana nawe. Ukurasa huo nautengeneza mwenyewe, na mstari huo nitauongeza leo, juu ya kisanduku cha namba ya vocha ambapo kila mtu ataupita kwa macho.

Mama Kisauni

Hamjambo nyote. Mimi niko Mombasa na natumia iPhone yenye iOS 18. Wi-Fi ya hapa kwetu haina nywila, mtu hulipa kwa M-Pesa na kufunguliwa. Nalipia mwezi mzima, lakini mwezi haujafika mbali simu inaniletea tena ukurasa wa malipo kana kwamba sijalipa. Nimesoma haya ya DNS nikaona si yangu, kwa kuwa ikiingia inafanya kazi barabara.

Msambaza Wi-Fi, Tanga

Dada, yako ni ile ya anwani ya MAC aliyoitaja fundi hapo juu. iPhone zilianza kutumia anwani ya faragha ya Wi-Fi mwaka 2020 na iOS 14, na kwenye iOS 18 kuna chaguo tatu: kuizima, iwe ya kudumu, au iwe ya kubadilika. Kwenye Wi-Fi isiyo na nywila kama hiyo ya kwenu, simu yenyewe huchagua ya kubadilika, na baada ya kama wiki mbili inajitambulisha kwa anwani nyingine. Mfumo wa malipo unaona mgeni.

Fungua mipangilio ya Wi-Fi, gusa alama ya herufi i iliyo kando ya jina la mtandao huo, ufungue sehemu ya anwani ya faragha na uchague ile ya kudumu. Hutapoteza faragha yako kwingine, kwa sababu mpangilio huu ni wa Wi-Fi hiyo peke yake. Fanya hivyo kabla hujalipa mwezi ujao, si baada ya kulipa, na kwa siku zako zilizobaki mpelekee mwenye Wi-Fi ujumbe wa malipo wa M-Pesa, pamoja na anwani mpya utakayoiona hapohapo, akuhamishie kwa mkono. Ni kazi ya muda mfupi tu kwake.