Naomba ushauri: eka 3 za hatua zimepungua kwenye futi kamba

Habarini ndugu zangu, na wakubwa shikamooni. Kuna shamba nanunua kijijini, Morogoro. Tulikubaliana eka 3 kwa kipimo cha kienyeji, hatua 70 kwa 210. Mzee muuzaji alihesabu hatua mwenyewe mbele ya mashahidi, nikalipa nusu.

Juzi nimerudi na mdogo wangu tukapima kwa futi kamba: mita 56 kwa 168, yaani mita za mraba 9,408. Eka moja ni kama 4,047, kwa hiyo nina eka 2.3 tu. Hata hekta haifiki! Hatua ya mzee ni sentimita 80, wakati 70 kwa 70 inatoa eka kamili hatua ikikaribia sentimita 91, sawa na yadi. Ni mtu mfupi, siamini alikusudia kunidhulumu. Nimemweleza, anasema hapa wote hupima hivyo. Sitaki ugomvi, maana tutapakana.

Je, nidai bei ishuke au aniongezee eneo? Na kwenye hati ya mauziano tuandike eka, au urefu wa kila upande kwa mita?