Naomba ushauri: cheti cha ndoa na cha mtoto vya kutumia Dubai

Mgosi_Ughaibuni: Wakuu, habari zenu. Niko Dubai, nataka kumleta mama watoto na mtoto wetu. Huku wanataka cheti cha ndoa na cha kuzaliwa vyenye uthibitisho. Ndoa tulifunga msikitini Tanga, cheti ni cha Bakwata (Baraza Kuu la Waislamu). Cha mtoto ni cha RITA, wale wa serikali wanaosajili vizazi na ndoa, ila kilishapigwa lamineshi. Kuna wakala wa Dar anataka laki tatu na nusu anitolee apostili, ule uthibitisho mmoja unaokubalika nchi zote za mkataba, eti ubalozini hakuna haja ya kwenda. Nimpe au anataka kunipiga?

Bint Chumbageni: Usimpe hata mia. Emirates hawamo kwenye ule mkataba wa The Hague wa 1961 ulioleta apostili. Oman wamo tangu 2012, ndiyo maana watu wanachanganya. Kwako ni njia ndefu: RITA, Wizara ya Mambo ya Nje, ubalozi wa Emirates Dar, kisha Wizara ya Mambo ya Nje ya huko uliko.

Mgosi_Ughaibuni: Cheti cha Bakwata nikipeleke wizarani moja kwa moja?

Bint Chumbageni: Watakurudisha. Wizara inathibitisha saini na mihuri ya ofisi inazozijua, saini ya shehe wa mtaani kwenu wataitoa wapi? Shemeji aanze kwa shehe aliyewafungisha, amuulize kama taarifa za ndoa zilifika kwa Msajili wa Ndoa, pale RITA. Hawa masheikh wetu wengine kitabu kinajaa na bado kiko kabatini.

Kipanya77: Hiyo lamineshi ndiyo kesi. Muhuri haushiki wino kwenye nailoni. Na asijaribu kuibandua kwa pasi, maandishi yanaondoka nayo! Aombe nakala mpya eRITA, ule mfumo wao wa mtandaoni, namba ya usajili si ipo kwenye hicho cha zamani.

Mzee Tafsiri: Tafsiri ya Kiarabu fanyia huko, kwa mfasiri mwenye leseni ya Wizara ya Sheria yao. Ila subiri mihuri ya Tanzania ikamilike, maana nayo inatafsiriwa. Ukiwahi utalipa mara mbili.

Mgosi_Ughaibuni: Asanteni sana. Wakala nimemuuliza hiyo apostili inatoka ofisi gani, kanijibu "wewe tuma hela kwanza bosi."

Kipanya77: 😂😂 Mblock. Halafu kabla ya chochote linganisha majina: cheti cha ndoa, cha mtoto na pasipoti yako. Herufi moja ikipishana, rekebisha sasa, kabla ya muhuri wa kwanza.