Acheni kuwabebesha wazuiaji kila presha anayopata kwotabeki

Wakuu, nimetoka zamu ya usiku na bado sijalala. Nimeona bora niyatoe haya kwanza, maana tangu wiki iliyopita kila nikifungua mada za NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, humu nakuta watu wazima wanawatukana wazuiaji, wale watano wanaomlinda kwotabeki (mrusha pasi) dhidi ya wakabaji, kwa namba za presha (mara ambazo mkabaji alimfikia au kumkaribia kabla hajarusha) ambazo hawajui zimehesabiwaje wala na nani. Inaniuma, na nitasema kwa nini.

Mimi niko Ohio, mwaka wa tisa sasa, na timu yangu ni Bengals. Nilimshuhudia kwotabeki wetu Joe Burrow akiangushwa na mpira mkononi mara 51 katika msimu wa kawaida wa 2021. Hakuna kwotabeki aliyeangushwa kuliko yeye mwaka ule. Mtoano ukaongeza 19, jumla 70. Kwa hiyo asije mtu kuniambia siujui uchungu wa kutazama kijana anapigwa chini wiki baada ya wiki. Naujua. Ila nyinyi hizo 70 mnaziandika zote kama deni la watu watano waliosimama mbele yake, na hapo ndipo ninapogombana nanyi.

Chukueni mechi ya mtoano dhidi ya Tennessee, Januari 22, 2022. Burrow aliangushwa mara 9 na Bengals wakashinda 19-16. Mkabaji wao Jeffery Simmons peke yake alimwangusha mara 3, na hapo sina cha kuwatetea wazuiaji wetu wa katikati, walizidiwa nguvu waziwazi. Lakini rudini mwangalie na zile nyingine. Zipo ambazo Burrow anang'ang'ania mpira akisubiri mpokeaji wake afunguke kule mbali, sekunde zinakwenda, mzuiaji kafanya kazi yake na kazi imeisha, mpira bado uko mkononi. Hiyo nayo mnamwandikia mzuiaji?

Msimu uliofuata klabu ikaleta wazuiaji wapya: Alex Cappa, Ted Karras, La'el Collins. Mechi ya kwanza, Steelers wakamwangusha Burrow mara 7. Ya pili, Cowboys mara 6. Tayari 13 katika mechi mbili, na watu wakaanza kupiga kelele kwamba pesa imetupwa. Msimu ukaisha na 41. Toeni wenyewe: mechi 14 zilizobaki ni 28, wastani wa mbili kwa mechi. Wazuiaji wale wale! Walizoeana, sikatai. Lakini kilichoonekana kwa macho ni kwamba Burrow alianza kuuachia mpira mapema. Mkabaji hawezi kumwangusha mtu ambaye mpira umeshamtoka.

Na hili halikuanza na Burrow. Dan Marino, kwotabeki wa Miami, mwaka 1988 alirusha pasi 606 akaangushwa mara 6 tu. Sita, msimu mzima. Sasa mtasema alikuwa na wazuiaji wa ajabu. Dwight Stephenson, senta (mzuiaji wa katikati kabisa) wa Miami ambaye leo yuko kwenye jumba la heshima kule Canton, aliumia goti Desemba 1987 na hakucheza tena. Yaani mwaka ambao mstari wa wazuiaji ulikuwa umempoteza mtu wake mkubwa kuliko wote ndio mwaka ambao Marino aliguswa kidogo namna ile. Mkono wake ulikuwa mwepesi kupita kiasi, mpira unaondoka kabla mkabaji hajapata hatua ya tatu. Kuangushwa ni takwimu ya wazuiaji na ya kwotabeki kwa pamoja, na mara nyingi kwotabeki ndiye mwenye sehemu kubwa.

Haya, kuna kundi la pili humu, nalo linanikera vilevile. Hawa wanahesabu kuangushwa tu, presha nyingine yoyote kwao ni maneno. Ligi ilianza kuweka takwimu rasmi ya kuangushwa kwa kila mkabaji mwaka 1982, basi kwao dunia imeishia hapo. Super Bowl, fainali ya ligi, ya Februari 2021, Tampa Bay na Kansas City Chiefs: kwotabeki wa Chiefs, Patrick Mahomes, aliangushwa mara 3. Ukisoma hiyo tatu peke yake utadhani alicheza kwa raha. Kwa hesabu ya ESPN alipata presha mara 29 kati ya mara 56 alizorudi nyuma kurusha, yaani zaidi ya nusu! Alikuwa anakimbia uwanja mzima kama anafukuzwa na nyuki. Chiefs hawakuvuka mstari wa mwisho hata mara moja, 31-9. Na sababu haikuwa siri: Eric Fisher na Mitchell Schwartz, wazuiaji wake wawili wa pembeni, wote walikuwa majeruhi. Tampa hata hawakuhitaji kutuma watu wa ziada kumvamia kwotabeki mara kwa mara, wanne wao wa mbele walitosha. Philadelphia walikuja kuwafanyia Chiefs hao hao jambo kali zaidi Februari 2025: hawakutuma mtu wa ziada hata mara moja, na Mahomes akaangushwa mara 6. Kwa hiyo na wale mnaodhani presha nyingi maana yake kocha katuma watu wengi, mjirekebishe.

Na nitawapa mfano mwingine ambao mpaka leo nikiukumbuka nakosa raha. Super Bowl ya Februari 2022, sisi na Rams. Burrow kaangushwa mara 7. Tuko nyuma 23-20, zimebaki sekunde 43, jaribio la nne na la mwisho, tunahitaji yadi moja ili tubaki na mpira. Mkabaji wao Aaron Donald akapita, akamshika Burrow na kumzungusha, mpira ukatoka hovyo ukaanguka chini. Mechi ikaisha pale. Kule mbele mpokeaji wetu Ja'Marr Chase alikuwa amemwacha mlinzi wao Jalen Ramsey, yuko peke yake. Nusu sekunde tu. Sasa nendeni mkaangalie kwenye karatasi ya mechi tukio lile limeandikwaje: pasi isiyokamilika. Halimo kwenye zile 7. Presha iliyoamua ubingwa haimo kwenye hesabu ya kuangushwa!

Halafu mnachanganya vyanzo. PFF, kampuni ya takwimu za mchezo huu, wana watu wanaokaa kutazama video, wanaamua kwa macho nani kapitwa na kama presha ilikuwepo. Tovuti ya takwimu ya Pro Football Reference wana hesabu yao. Next Gen Stats ya ligi inatumia vitambuzi vilivyowekwa ndani ya pedi za mabega, vinapima alipo mchezaji mara 10 kila sekunde. ESPN wanachukua data hizo hizo za vitambuzi na kupima kitu kingine kabisa: je, mzuiaji kamzuia mtu wake kwa sekunde 2.5? Akimzuia sekunde 2.5 kashinda, hata kama kwotabeki anaangushwa kwenye sekunde ya nne. Ndiyo maana mstari mmoja unaweza kuwa juu kwenye jedwali la ESPN na kwotabeki wake akawa miongoni mwa wanaoangushwa sana, na hakuna aliyedanganya. Mtu anachukua namba ya huku kwa timu yake na ya kule kwa timu ya mwenzake, anaziweka kwenye skrinishoti moja, anaandika "ubishi umeisha". Umeisha wapi?

Na wekeni idadi ya mara ambazo mzuiaji alizuia, nawaomba. Tuseme mmoja karuhusu presha 40 katika mara 700, mwingine 30 katika mara 350. Humu atatukanwa wa kwanza. Presha 30 za yule wa pili ni karibu asilimia 9, za wa kwanza hazifiki 6. Hii ni hesabu ya shule ya msingi.

Sasa kwa nini inaniuma. Mwanangu ana miaka 16, anacheza gadi, mzuiaji anayesimama kando ya senta, kwenye timu ya shule yake. Msimu uliopita zilibandikwa namba za mechi, jina lake likaandikiwa kuangushwa mara 2. Moja ni yake, alisimama wima mno akasukumwa, hata yeye alikiri tukiwa kwenye gari. Ya pili, mkabaji aliyepita alipaswa kuzuiwa na mkimbiaji, yule anayesimama nyuma karibu na kwotabeki. Mpango ulisema mstari wote uegemee kushoto na mkimbiaji amchukue mtu wa kulia. Mwanangu alikwenda kushoto kama alivyoambiwa. Mkimbiaji akasahau. Kwenye video anayeonekana karibu na tundu ni mwanangu, basi kapewa yeye. Wiki iliyofuata wazazi wenzangu kwenye jukwaa la uwanja walikuwa wanalitaja jina lake, na mama yake amekaa pale anawasikia.

Kosa hilo hilo linawakuta wanaume wa NFL kila Jumapili. Mpango wa kuzuia unajulikana na kocha na wachezaji waliokuwa kwenye kikao. Anayehesabu kwa video anakisia, mara nyingi anakisia vizuri, lakini anakisia. Kitambuzi nacho kinajua nani alikuwa wapi, hakijui nani aliagizwa nini. Na nyinyi mnaichukua namba hiyo mnamwita mtu gunia.

Mechi ya Tennessee ninayo yote. Anayetaka tuipitie pamoja, zile 9 moja baada ya nyingine, tuseme kila moja ni ya nani na mpira ulikaa mkononi sekunde ngapi, ajiandikishe hapa chini. Jumapili asubuhi saa za huku naanza na ya kwanza.