Masaji ya laki nane kwa ajili ya mabega na msiba: nilipe?

FundiNsambya: Habari zenu wapendwa. Mimi ni fundi cherehani, niko Nsambya, Kampala. Tangu tumzike mama kule Busia usingizi umenikimbia na mabega yamekaza kama mbao. Maumivu yanaanzia shingoni asubuhi, jioni yamefika chini ya bega la kulia, na usiku vidole vinakufa ganzi mpaka naamka kuvikung'uta. Panadoli nimezimeza mpaka nimechoka.

Mteja wangu akanipeleka kwa dada mmoja Ntinda anayekanda watu. Mpole, chumba kisafi, muziki wa taratibu. Anasema masaji yake ni ya mwili na nafsi: huzuni imejificha kwenye misuli, akiitoa pamoja na sumu nitalala. Anataka nilipie mara kumi kwa mpigo, kila mara elfu themanini. Laki nane hiyo, ndugu zangu! Nilijaribu mara moja, na sikatai, usiku ule nililala. Ila mume wangu anauliza laki nane inanunua nini, na jibu sina.

KijanaKabalagala: Dada, hakikisha ni masaji kweli. Huku kwetu vibao vya masaji ni vingi kuliko migongo inayouma 😂

MamaBombo: Wewe mtoto, mwenzako kafiwa. Nyamaza.
Binti yangu, pole sana kwa mama. Mimi nimekanda wanawake waliojifungua tangu ujana wangu, kwa maji ya moto na yale mafuta ya shea ya kaskazini, moo yaa. Mwili ukiguswa kwa upole mtu hulia, na akishalia anapata nafuu. Hilo nimeliona kwa macho. Lakini kudai pesa ya mara kumi kabla ya kazi? Sijawahi.

FizioGulu: Pole dada. Nafanya tiba ya viungo hospitalini. Huyo dada wa Ntinda hajakudanganya kwa kila kitu. Ukikandwa vizuri misuli inalegea, pumzi inashuka, maumivu yanapungua kwa muda, na wasiwasi nao unatulia. Mwaka 2017 American College of Physicians, chama cha madaktari wa Marekani, waliiweka masaji kati ya mambo ya kujaribu kabla ya vidonge kwa mtu aliyeanza kuumwa kiuno karibuni. Neno kubwa hapo ni "kwa muda". Ukirudi kwenye kigoda kilekile, na meza ileile fupi, siku chache tu bega limekaza tena.

Habari ya sumu achana nayo. Kazi hiyo ni ya ini na figo, wala haingoji mtu akusugue mgongo.

Kinachonishughulisha ni vidole. Ni vipi hasa? Gumba, cha shahada na cha kati vikifa ganzi usiku, mara nyingi mshipa wa fahamu umebanwa kwenye kifundo cha mkono, na mafundi wanaoshika mkasi kutwa tunawaona sana. Vikiwa kidole kidogo na cha pete, tunatazama kiwiko. Shingo nayo inaweza kuhusika. Mgongo wako ukikandwa mwaka mzima, kifundo cha mkono hakitajua. Nenda upimwe kwanza. Na ukianza kuangusha vitu, au miguu ikalegea, au mkojo ukakushinda, usipitie kwa mkandaji yeyote. Homa za jioni, jasho la usiku na kukonda pamoja na maumivu ya mgongo pia ni safari ya hospitali, maana kifua kikuu hukaa hata kwenye uti wa mgongo.

Mtu akijiita fizio, mwombe leseni ya Allied Health Professionals Council, baraza linalotusajili. Hakuna ubaya kuuliza.

DerevaMalaba: Naunga mkono. Utingo wangu alivimba mguu mmoja baada ya safari ndefu, ukawa wa moto. Tukampeleka kwa mzee anayechua. Mzee akautazama, akakataa kuugusa, akasema huu ni wa daktari. Kweli, ilikuwa damu iliyoganda. Ukiuchua mguu wa hivyo, bonge linaweza kung'oka likaenda mapafuni. Yule mzee tukampa soda na heshima zake.

MwalimuMasaka: Mnaongea viungo tu, na mama wa watu amezikwa juzi. Dada, unakaa na nani ukimtaja mama? Huku Masaka na Rakai kulifanyika utafiti, matokeo yakatoka 2003: wanakijiji wenye sonona walikutana kwa vikundi kila wiki, saa moja na nusu, wakizungumza vifo, ugomvi na mabadiliko ya maisha. Baada ya wiki 16 walikuwa na nafuu kubwa kuliko wenzao wasiokuwa kwenye vikundi. Hawakukandwa. Kulala baada ya masaji ni jambo jema, endelea ukiweza, ila ule usiku mmoja usiufanye ndiyo tiba. Ukiona huli, kazi imekushinda, au unawaza heri ufe, nenda hospitali ya Butabika au kliniki ya afya ya akili iliyo karibu. Wanaokwenda Butabika si wendawazimu tu, watu waache woga.

FundiNsambya: Asanteni sana, na mama wa Bombo umenitoa machozi. Fizio, ni gumba, shahada na cha kati, mkono wa mkasi.

FizioGulu: Basi anza na huo mkono. Uliza kuhusu kifaa cha kunyoosha kifundo unapolala, ni bei ndogo kuliko masaji mbili. Na meza ya cherehani ipandishwe, kichwa kisiiname kutwa.

FundiNsambya: Sawa. Dada wa Ntinda nimempigia, amekubali nilipe kila nikienda. Ila kwa njia hiyo ni elfu tisini.

MamaBombo: Mwambie sabini.